Mashavu ya Syntiche

Liège, tarehe 3 mwezi wa pili 2025

Mama Laurentine mpendwa,

Jambo sana. Presha yako inaendeleaje? Mimi ninapumua. Hatimaye wamenipa ile dawa ya moyo. Wanachukua kirusi, wanakitoa ubaya, wanakibebesha jeni nzuri, ile ambayo moyo wangu ulizaliwa bila kuwa nayo. Kaka Gauthier alikufa kwa kuikosa hiyo hiyo. Ni mara moja tu: mwili ukishakijua kirusi hicho, kikirudi utakiua mlangoni. Sasa nameza vidonge vya kuwatuliza askari wa mwili, wasije wakaushambulia moyo. Niombee.

Binti yako,
Syntiche

Kampemba, tarehe 20 mwezi wa tatu

Mwanangu,

Salamu nyingi toka Lubumbashi. Unalala? Unakula? Nauliza bure, picha uliyonitumia kwa simu imeshajibu! Mashavu hayo! Nilipeleka simu kwenye shirika letu la parokia, Mama Josée akapiga vigelegele: "Aksanti Mungu! Mutoto amenona, amepona!" Jumapili tunatoa misa ya shukrani. Basi hivyo vidonge viache, mama. Mtu aliyepona hamezi dawa. Nimekutumia samaki wakavu wa Pweto.

Mama yako

Liège, tarehe 2 mwezi wa tano

Mama,

U mzima? Mimi niko hospitali. Mashavu yale yalikuwa ya vidonge, huvimbisha uso. Nilijua, mama. Lakini ulivyofurahi, nami nikatamani iwe kweli, nikaviacha bila kumwambia daktari. Askari wakaamka, wakakuta moyo umebeba mgeni, wakaupiga. Sasa wanapima kama kuna dawa iliyobaki moyoni. Ikiwa imekwisha, hawawezi kunipa tena. Usiwaambie watu wa shirika. Ninaogopa.

Syntiche

Kampemba, tarehe 9 mwezi wa tano

Mwanangu,

Sijui hata nikusalimu vipi. Nimewaambia. Nilisimama nikasema, "Ile misa tulitoa mbele ya saa, tuliharakisha. Mutoto yangu iko mugonjwa, na ni kinywa yangu ilimuponza." Nilimzika Gauthier, na wewe sitaki kukuzika. Msikilize daktari, usinisikilize mimi. Nitumie picha.

Mama

Kampemba, tarehe 30 mwezi wa tano

Syntiche, uko? Picha tu, mama. Hata kama umekonda, tuma.

Mama

Liège, tarehe 14 mwezi wa sita

Mama mpendwa,

Presha yako? Picha ni hii. Mashavu yamerudi, ujue vidonge ninameza. Habari ya moyo bado hawajaniambia. Safari hii usimwonyeshe mtu, na usifurahi. Itazame tu.

Binti yako