Damu ya Upande wa Mama

Jumapili, 9 Juni 2024

Kihesa. Baridi kali, kalamu haishikiki. Hanifa, mjukuu wa marehemu dada yangu kwa bintiye, kapiga simu kutoka Rujewa. Ijumaa wanamtahiri mwanawe Matano, wajina wangu. Ngariba ni wa ukoo wa mumewe. Lazima iwe sasa, kidonda hupona upesi wakati wa baridi. Nikamuuliza habari za yale mabaka ya bluu magotini mwa mtoto. Bado yapo, Babu, tangu aanze kutambaa.

Njia ileile ya damu: mama, dada, bintiye, Hanifa!

Jumatatu, 10 Juni

Kaka zangu wawili walikufa jandoni, Pangani. Damu haikukatika. Daktari mmoja mzee akasema mama alishtuka akiwa mjamzito, ndiyo sababu. Ndugu wa baba wakasema ni mchawi. Mama akatuleta huku, mimi na dada, kabla kisu hakijanifikia. Pangani sijairudia.

Na ilikuwa imeshaandikwa! Miaka elfu iliyopita tabibu wa Andalusi, Hispania ya Waislamu, alieleza habari za kijiji ambako wanaume walitokwa damu hadi kufa. Marabi wa kale wa Kiyahudi nao: kaka wawili wakifa kwa tohara, wa tatu asiguswe, hata kama mama kaolewa na mume mwingine. Kwa hiyo waliona kasoro hii ya damu inapita kwa mama, naye haugui. Kwa nini mmoja afe na mwingine apone — hawakujua. Dawa hawakuwa nayo. Walichoweza ni kuzuia kisu.

Mimi hata hicho sikiwezi.

Jumatano, 12 Juni

Nimeongea na Anwari, mume wa Hanifa. Kacheka. Babu, unaogopa wajina wako akitahiriwa atakunyang'anya wachumba? Nikamsimulia habari za kaka zangu, nikamsihi wampime mtoto damu kwanza, Mbeya. Akajibu kwa adabu: si nawe ulitahiriwa ukubwani, hospitali? Mbona uko hai?

Niko hai, kweli. Nikaeleza kwamba si kila mtoto wa kiume huipata kasoro hiyo. Mashine ya mpunga ilikuwa inanguruma nyuma yake, sijui alisikia nini. Hanifa hana kauli. Tohara ni ya upande wa baba.

Ijumaa, 14 Juni

Asubuhi, Hanifa: tayari, Babu. Hakulia sana.

Nimetoka msikitini, simu tena. Wanabadilisha kitambaa kila mara, kinalowa. Ni kawaida? Nilipiga kelele — mbonyezeni hapo, mkimbizeni hospitali!

Alasiri. Wamekodi gari, wako njiani kwenda Mbeya. Anwari ndiye aliyeshika simu. Hacheki. Babu, wale kaka zako — walichukua muda gani?