Jina la Shamba kwa Mtoto wa Mjini

Chumba cha nyuma,
Mkabala na karakana ya mageti.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute umesimama kwa miguu yako. Vipi kazi? Vipi ule mgongo, bado unakusumbua ukiinama? Baba Mdogo hajambo? Na wadogo zangu wameshaizoea shule ya huko, au bado wanalia asubuhi? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mtoto ni mzima kabisa, anacheka na kila mtu, hata na pazia. Bibi yupo. Habari zake ziko hapo chini, tafadhali usiruke mistari ukakimbilia mwisho kama unavyopenda.

Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu simu ile ya wiki iliyopita tuliiharibu. Nilikuwa na maneno mengi, kilio kikaniwahi, nawe ukakata. Sikulaumu hata kidogo. Kwenye karatasi, nikilia, naweza kuweka kalamu chini, nikajifuta, nikaendelea. Mwandiko wangu unaujua, shule niliiacha njiani, nisamehe.

Unakumbuka tangu mimba ikiwa changa nilikuwa nasema nataka jina la shamba. Huku watoto wana majina ya kung'aa, ukiita moja mtaani wanageuka watatu. Mimi nikasema wangu ataitwa kama tulivyoitwa sisi, na atakayemwita ni Bibi. Si ndiye aliyetupa majina wote, wewe, marehemu mama, na mimi? Alikuwa akiangalia shambani wanafanya nini siku ile mtoto anazaliwa, basi, jina limepatikana; siku yangu mimi walikuwa wanafukuza panya ghalani. Nilikuwa napenda sana. Mtu akikuita, unajua umetoka wapi. Baba mtoto aliponisikia akasema, "Kwa hiyo mke wangu, tutazaa Jembe?" Nikamwambia afadhali Jembe kuliko hayo mnayookota kwenye televisheni. Akacheka, akakubali. Unamjua, kutwa anachomelea vyuma lakini moyo wake ni pamba.

Siku niliyotoka hospitali nilimweka mtoto mapajani kwa Bibi. Wakati huo alikuwa ameshahamia kwetu, tangu ukuta wa nyumba yake ulipoanguka. Akamfunua, akamkagua vidole, akauliza kama alivyokuwa akiuliza zamani, "Nje wanafanya nini?" Nikamfungulia dirisha. Nje walikuwa wanakata mageti. Cheche zinaruka, jenereta linanguruma, mfereji umeziba, kuku mmoja anachakura kwenye vumbi la chuma. Bibi akaangalia weee, mpaka nikaona aibu kama vile mtaa ni wangu. Akasema, "Hapa hawalimi kitu. Sasa huyu nitampa jina gani?" Tukaambiwa tungoje.

Asubuhi jina likaja. Palizi. Nilifurahi nikamwimbia mtoto jina lake huku namwogesha. Siku ya pili nikamwambia, "Bibi, nishikie Palizi nikaoge." Akanishangaa. "Palizi ndiyo nani? Huyu ni Kunde." Baadaye akawa Umande. Akawa Mavuno. Shamba zima alilonalo kichwani lilimpitia mwanangu, Mama Mdogo, na hakuna jina lililolala likaamka. Mwanzoni tulifanya mzaha. Baba mtoto akirudi kazini ananawa mikono nje, anabisha hodi, anauliza, "Leo nimsalimie nani?" Namjibu, "Leo ni Ghala, ingia taratibu usilibomoe."

Mzaha uliniishia kliniki. Nesi alishika kadi akanitazama juu ya miwani. "Juzi uliniambia Kunde, leo unaniambia Umande. Mama, hiki ni kitoto au ni shamba?" Benchi zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwandikie mbolea tu, nesi." Nikacheka nao ili machozi yapate kisingizio. Nikamwambia aandike Mtoto, basi. Akaandika Mtoto wa Kike, akanirudishia kadi.

Ndipo nilipoacha kujidanganya. Bibi haendi vizuri. Anaficha mkate chini ya mto. Anavaa kanga tatu kwa mpigo, halafu anasema ameibiwa nguo. Ananiuliza mama yangu anarudi saa ngapi kutoka sokoni, na mama tulimzika Bibi mwenyewe akiwapo, yeye ndiye aliyenishika nisianguke. Zamani nilikuwa namwambia ukweli, na kila nikimwambia anafiwa upya. Siku hizi namwambia yuko njiani anakuja. Mungu atanisamehe uongo huo.

Halafu likatokea jambo ambalo kwenye simu sikuweza kulifafanua. Bibi alimwita mtoto Mabua. Kesho yake Mabua. Kesho kutwa Mabua tena. Jina limekaa! Nilijua ni lako, lile ulilolivua ulipoanza shule ya mjini, walipokuita kuni, wakakuita chakula cha ng'ombe. Na nilikumbuka Bibi mwenyewe alivyotufundisha kwamba jina moja halivaliwi na wawili walio hai, lazima mmoja atabaki uchi. Lakini nilikuwa nimechoka, Mama Mdogo. Nikajiambia wewe ulishalitupa, mwenye kuokota hajaiba.

Siku moja nimekaa nashonea vifungo mashati ya fundi cherehani wa jirani, kazi ninayoifanya siku hizi, Bibi amempakata mtoto nyuma ya pazia. Nikamsikia anamwambia, "Mabua, mwaka ule mvua ilitunyima. Hatukuvuna hata punje. Shambani yalibaki mabua tu, ng'ombe wakayala, wakatoa maziwa, nawe ukaishi. Anayekucheka nani? Mwambie mabua ndiyo yaliyotuvusha." Je, ulilijua hilo? Mimi sikulijua. Miaka yote nilidhani alikupa jina la njaa, kumbe alikuwa anashukuru.

Nikaacha sindano. Nikamsikia anaongeza, polepole, "Ila usiende mbali tena."

Hiyo "tena" ndiyo iliyonikata maini. Mtoto wa miezi minne ameshakwenda wapi? Nikaelewa kwamba Bibi hakuwa anampa mwanangu jina. Anadhani wewe umerudi.

Tangu hapo mtoto si wangu. Nikimchukua kumnyonyesha, Bibi ananiambia, "Dada, akishiba mrudishe kwa mama yake." Mimi ndiye dada wa kazi. Tena ananisifu, anasema mimi ni dada mzuri, sina mkono mrefu. Na ndiyo maana siku ile ulipomwita mama kwenye simu, akasema vile. "Mwambieni huyo mwanamke amekosea namba, mwanangu nimempakata hapa." Najua ulisikia kila neno. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Wifi yangu naye hakuchelewa. Alikuja wiki hiyohiyo na jina lake mkononi, kama mtu aliyeleta keki. Kristali. "Miezi minne mtoto hana jina, kwani mnafuga kuku?" Baba mtoto akamuuliza, "Dada, kristali si ni glasi?" Wifi akamjibu, "Ni glasi ya watu wenye akili zao." Alipoondoka, baba mtoto akanikalisha. "Mke wangu, kama ni Mabua, iwe Mabua, mimi nimeshazoea. Lakini Ijumaa twende tukaandikishe. Mtoto hawezi kuwa kitendawili maisha yake yote." Akaniachia niamue.

Mama Mdogo, nilikuwa na kila sababu ya kuandika Mabua. Jina la shamba nililolililia, tena limetoka kinywani kwa Bibi mwenyewe, na mume amekubali bila ugomvi. Bibi angeita, mtoto angegeuka, nyumba ingetulia. Wewe hulitumii. Nilivifikiri hivyo vyote huku nafua nepi, na kila nikikamua moja naona nimeshaamua.

Lakini swali moja lilikataa kuondoka. Likishakuwa la mwanangu, wewe Bibi atakuita nani? Sura yako haikumbuki. Sauti yako ameikataa mbele yangu. Kilichobaki chako ndani ya kichwa kile ni neno hilo moja tu, ndio mlango wa mwisho. Nikimwandikia mwanangu, nimekufungia nje kwa mkono wangu.

Ijumaa tulikwenda. Dirisha dogo la vioo, karani anatafuna mfuniko wa kalamu, nyuma yetu foleni inasukuma. "Jina la mtoto?" Baba mtoto akageuka kunitazama. Nikasema Kristali. Hata yeye alishtuka. Karani akaandika, akagonga muhuri, akaita mwingine.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wifi ana furaha ya harusi. Mimi nilitembea hadi nyumbani nalia kama niliyetoka mazikoni, baba mtoto alimbeba mtoto akanishika mkono. Mwanangu hana jina la shamba; yale mengine Bibi mwenyewe aliyakana, na hawezi tena kumtungia. Katika ukoo wetu majina hayo yameishia kwangu. Kila nikisema "Kristali, njoo kwa mama," naona kama naita mtoto wa jirani. Labda nitazoea. Anacheka nikimwita, hana habari kwamba kuna kitu amekosa.

Mama Mdogo, njoo. Najua kazi yako haina ruhusa, najua njia ni ndefu, najua watoto wana shule. Nakuomba hivyohivyo. Bibi anapungua kila siku. Juzi alilitafuta neno maji akalikosa, akanionyesha kikombe kwa kidole. Jana alisema Mabua mara moja tu asubuhi, halafu ukimya mpaka jua linazama, midomo inacheza kama ya mtu anayepapasa ufunguo gizani. Naogopa itafika siku ataamka nalo halipo.

Sikuahidi kwamba atakutambua. Nisikudanganye. Mimi ninamlisha, ninamwogesha, na hanijui. Huenda akakuita dada, akakutuma maji. Lakini kila akiita, anangoja kidogo, ameinua kichwa, kama anasikiliza nje. Hakuna wa kumjibu. Mwanangu bado hajui kuitika, na hata atakapojua, si jina lake.

Jina lako nimekuachia. Njoo uitike.

Nisalimie sana Baba Mdogo, na wadogo zangu wote wawili, mwambie yule mdogo kwamba dada yake anamwekea vifungo vya rangi. Baba mtoto anakusalimu, anasema kitanda atachomelea mwenyewe, usihofu pa kulala. Wifi naye anakusalimu kwa shingo upande. Mungu akufungulie njia, akuepushe na mabaya ya safari, na atutunzie Bibi mpaka ufike.

Wako akupendaye,
mwanao,
Kipanya.