Mama Rehema, Saida Amekwenda Kimbiji

Mama Rehema,

Mtoto tumempeleka Kimbiji. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitashindwa kufika. Yuko kwa mama yako, mzima, ananyonya chupa vizuri, na mie nimerudi Tandika, nimekaa kwenye kiti chako cha kusahihishia madaftari, sijui niifanyie nini mikono yangu.

Hata jina lake hulijui. Anaitwa Saida. Tulimpa siku ya saba, wewe umeshalala udongoni. Nilitaka aitwe Mwanaidi, kama wewe, na nilidhani hakuna atakayepinga. Mama yako akapinga. Alikuwa amekaa mkekani, mtoto mapajani, akasema bila kuniangalia, "Baba Rehema, mwanangu, nihurumie. Nitalitamkaje jina hilo kila nikimbadilisha nepi?" Ndipo Kaka Salumu akasema aitwe Saida, jina la bibi yetu mzaa baba. Nikakubali. Siku zile nilikuwa nakubali kila kitu. Wangesema aitwe Jumapili ningeitikia tu.

Ana masikio yako. Yale yaliyochomoza mbele kidogo, uliyokuwa unayafunika kwa mtandio kila tukienda kupiga picha.

Uliingia chumba cha uzazi ukinicheka kwa sababu nilikuwa nimevaa shati nimeligeuza. "Nenda kalivae vizuri," ukaniambia, "mtoto asije kukuta babake kituko." Nikaenda nikaligeuza. Niliporudi mlango ulishafungwa. Mtoto nilimsikia akilia, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wenzangu pale kwenye benchi wakanipa hongera. Halafu nikasikia watu wanakimbia. Nesi akatoka, akasema damu haikatiki, nitafute ndugu wa kukutolea. Kaka alitoa, mie nilitoa. Daktari alikuja mwenyewe kuniambia. Hakusimama, alikaa chini kabisa kwenye benchi, ubavuni kwangu, na alivyokaa vile nikajua kabla hajafungua mdomo.

Sijui kwa nini nakuandikia hayo. Wewe ulikuwepo kuliko mie.

Rehema amekuwa mtu mzima, na sijapenda. Anaamka kabla yangu, anafagia uwanja, anamvalisha mdogo wake Shaabani viatu. Juzi alitaka kusukwa, nikamuuliza mtindo gani, akasema "twende kilioni." Jina la mtindo tu, mke wangu, kila mtoto wa Temeke anasukwa hivyo. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kitana. Mama Devota, jirani yetu, ndiye aliyemsuka. Ndiye pia aliyetufulia nguo zote za msiba, na hadi leo akipika ming'oko, vile viazi vya porini vya kwao kusini, analeta bakuli. Shaabani yeye bado anauliza utarudi lini. Anauliza kama anavyouliza umeme utarudi lini, bila huzuni, anataka tu kujua ajipange vipi.

Kazini nilirudi upesi, mchana mtoto namwacha kwa Mama Devota. Bosi alinipa pole, kisha akanipa kazi ya kutengeneza kurasa za hoteli moja ya ufukweni. Nilikaa mbele ya kompyuta natafuta rangi ya bahari, ile ya buluu inayovutia wageni, na juu yake niandike kwamba hapa ndipo pa kusahau shida zote. Niliiandika. Mkono unaandika hata moyo ukiwa umekufa, hilo nimelijua mwaka huu.

Ile kompyuta yetu ya nyumbani, mzigo ule ofisi ilioutupa nikaubeba kwa mkokoteni ukiona haya majirani watatucheka, niliifunika shuka. Kwa sababu ya kuku wako.

Unakumbuka jinsi alivyoanza? Ulirudi shule umechoka, ukachora nyuma ya karatasi ya mtihani kuku wa Mama Devota aliyekuwa akitaga kila mahali isipokuwa bandani kwake. Ukamwita Bi Shughuli. Ukasema ni kuku wa Tandika anayetafuta mahali pa kutaga yai lake pasipo mtu wa kulichukua. Nikaipeleka picha ofisini, nikaipitisha kwenye skana, na hesabu za watoto wa darasa la nne zikatokeza kwa mbali chini ya manyoya yake. Nilitaka kuzifuta. Ulinikatalia: "Ziache. Kuku wa mwalimu lazima ajue kugawanya." Kila wiki ukachora mahali papya. Ndani ya kasha la mpiga viatu rangi. Kwenye beseni la muuza mitumba, chini ya makoti ya baridi yasiyo na mnunuzi. Juu ya televisheni ya baa, mpira ukirushwa, ikawa balaa. Mie nikaandika maneno kwa Kiswahili, nikaibeba kwa flopi, kile kisahani cha kompyuta, hadi ofisini kuiweka mtandaoni, kwa kuwa simu nyumbani hatuna. Wenzangu ofisini wakasema napoteza muda, nani atasoma Kiswahili huko duniani.

Uliniuliza, "Ukizima kompyuta, kuku wangu analala wapi?" Nikakueleza kwamba ukurasa haukai humu, unakaa kwenye kompyuta kubwa nchi ya mbali, haizimwi usiku wala mchana. Kisha ukasema, "Kwa hiyo kuku wangu ana pasi ya kusafiria, mie sina." Ukacheka mpaka ukashika tumbo. Saida alikuwa ndani ya tumbo hilo.

Na wakasoma. Vijana wetu walioko masomoni Ulaya na Marekani wakaanza kuleta barua pepe, nikawa nazichapa nakuletea, unazisoma jikoni ukiwa na mwiko mkononi. Mmoja alisema alilia alipoona beseni la mitumba, kwa sababu alilijua, alikuwa amenunua koti lake humo kabla ya kuondoka.

Picha ya mwisho uliyoniachia, Bi Shughuli yuko juu ya ngazi iliyoegemezwa ukutani, mguu mmoja hewani. Ngazi inakwenda wapi sijui. Nilikuuliza jikoni ukaniambia, "Usinipeleleze. Ukijua utanihimiza." Baada ya arobaini nilianza kutafuta. Nilipekua makabati, nikapekua mkoba wako wa shule, nikamwomba mwalimu mkuu anifungulie droo yako. Nilikuta chaki, nikakuta pipi ulizomnyang'anya mtoto fulani darasani. Kuku hakuwemo. Ulikuwa naye kichwani, ukaenda naye.

Barua zikawa zinakuja. Vipi Bi Shughuli? Mbona amekwama? Nikavumilia, mwishowe nikaandika chini ya ngazi ile: Mchoraji amefariki dunia. Siku mbili tatu zikafurika pole na dua kutoka miji nisiyoijua. Nilizisoma zote. Hakuna hata moja iliyonifanya nilale. Shaabani akashauri tumchoree bawa kubwa aruke. Akalichora, la zambarau. Nililiweka mfukoni, sikulipeleka mtandaoni, na kuku nimemwacha pale pale. Si wangu kumshusha.

Sasa nije kwa Saida.

Mama yako alitaka kumchukua tangu siku ya kwanza, nami nikaomba anisubiri. Nilikwenda kwa bosi nikamwomba nifanyie kazi nyumbani, niwe napeleka flopi mjini mara moja moja. Alikubali. Nikaondoa ile shuka kwenye kompyuta. Nilidhani nimeipatia dunia dawa. Asubuhi Rehema na Shaabani wakishatoka, nilikaa na mtoto pajani, chupa mkono wa kushoto, mkono wa kulia naandika kurasa za watu. Alikuwa akikikodolea macho kioo kile, Mama Rehema. Nilimpangia rangi, nyekundu inageuka njano, njano inageuka kijani, polepole, na yeye anafuatisha kwa macho kama mtu mzima anayesoma gazeti. Nilisema moyoni, huyu ndiye atakayerithi kazi yangu. Siku moja akacheua maziwa juu ya kibodi, herufi ya A ikagoma. Jaribu kuandika Kiswahili bila A. Nilicheka. Ndiyo mara yangu pekee tangu uondoke, na nilipojisikia nikanyamaza kama niliyefumaniwa.

Halafu akaanza kuhara. Nilichemsha chupa, nilichemsha maji, Mama Devota alikuwa akinikagua kila siku na hakuona kosa, lakini mtoto wa chupa ni mtoto wa chupa. Kwa siku moja utosi ulibonyea, macho yakaingia ndani. Nilikimbia naye hospitali nimemfunga kwa kanga yako kifuani, watu barabarani wananitazama mwanaume na kanga. Wakamtundikia dripu kichwani maana mkononi mshipa haukuonekana. Nilikaa pale namtazama na sikuwa na dua. Nilizitafuta, nilizozijua tangu madrasa, hazikuja. Nilikuwa nasema tu, na huyu? Na huyu?

Akapona. Mama yako alifika siku ya kuruhusiwa, na vumbi la Kimbiji miguuni. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alimpakata mtoto, akamnusa shingoni, akaniambia, "Mwanangu, mama yake nimeshamzika. Huyu nakuomba nimlee."

Tulikaa kikao cha watu watatu, mama, kaka na mie. Kaka akasema, "Athumani, hakuna anayekunyang'anya. Mtoto mchanga anataka mtu ambaye macho yake yote yako kwake." Nikasema macho yangu yako kwake. Akaniuliza kwa upole, "Na Rehema? Ni nani anayemtazama Rehema?" Nikageuka, nikamwona mlangoni, amesimama na ndoo ya nepi, anasubiri tumalize ili apite kwenda kuanika. Ana mikono imebabuka kwa sabuni. Mtoto wa darasa la tatu.

Nikasema sawa.

Tulikwenda Jumamosi, sote. Kwenye pantoni Rehema hakukubali mtu mwingine ambebe Saida. Ng'ambo tulipata pikapu iliyokuwa inarudi na magunia ya unga, tukakaa juu ya magunia, na kila shimo la barabara ile Rehema aliinua magoti ili mtoto asishtuke. Tulipofika alimwonyesha bibi yake kila kitu: "Bibi, chupa hii ndiyo anayoipenda. Bibi, usimpe yakiwa moto. Akilia hivi ana usingizi, akilia hivi ana gesi." Mama yako ameshalea watoto sita. Alisikiliza yote, akaitikia, "Ndiyo, mwanangu. Haya, mwanangu."

Wakati wa kuondoka mama alimchukua Saida akaingia naye chumbani, akafunga mlango. Mtoto wa umri ule hajui nani anaondoka. Alikuwa anatufichia sie.

Shaabani alilala njiani. Kwenye pantoni, tunarudi, Rehema akaniuliza, "Baba, Saida akianza kusema, atamwita nani mama?"

Nilimvutia kwangu tu, na hakulia, na mie sikulia, tukashuka ng'ambo kama watu waliotoka matembezini. Nimekaa humu ndani, nyumba ina harufu ya maziwa ya kopo, waya wa kuanikia hauna nepi hata moja. Watu wananiambia nishukuru, nina watoto watatu wazima. Nashukuru. Lakini nilidhani huzuni ina mahali inapoishia, mtu anapafika akageuka. Sipaoni hapo mahali. Kila nikidhani nimelala chini kabisa, chini panashuka tena.

Ulikuwaga unanisema naahidi mambo mengi, kwa hiyo leo naahidi machache. Rehema hatafua nepi wala sufuria zangu. Atacheza rede na wenzake uwanjani mpaka aitwe, na nitamwita mie. Saida akishatembea na kula chakula cha sufuria nitakwenda kwa mama kumwomba kwa adabu, na akinikatalia nitarudi kumwomba tena. Siahidi kwamba nitakuwa mzima. Hilo silijui.

Ijumaa nikitoka msikitini nitapita kaburini kwako, kisha nitavuka. Nitafika Kimbiji jioni, nitanawa, nitampokea mikononi mwa mama yako na kumwambia mie ni baba yake. Atalia, atanisukuma, maana wiki nzima kwa mtoto mchanga ni maisha mengine. Nitamwambia tena.

Lala, mke wangu. Mungu akulaze pema.

Ni mie, baba yao,
Athumani