Tawi Zima, Si Unga

Kwa Baba Wakesho,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi ya Nairobi. Uko aje, na mama anaamkaje na yale magoti yake? Na ndovu, wamerudi shambani ama mliweza kuwafukuza? Sisi tupo. Wakesho anakula kidogo, nywele zimeisha, lakini mdomo wake bado ni ule ule.

Uvimbe wa shingoni umepungua, hata mimi nikishika naona. Ni ile dawa nyekundu wanayompitishia kwa mshipa. Siku ya kwanza alikojoa mkojo mwekundu nikapiga mayowe, kumbe ni rangi ya dawa. Shida sasa ni moyo. Daktari anasema dawa hiyo inaua uvimbe lakini inachosha moyo pia, na wa Wakesho umeanza kukimbia. Wamesimamisha kwanza. Ikisimama sana uvimbe utarudi, ikiendelea moyo utaharibika. Mimi nakaa hapo katikati.

Ndipo nikatoa ule unga wa mama, ule anaowapa wazee wanaohema wakipanda mlima. Nilitaka kuukoroga kwa uji, nikaogopa, nikamwonyesha daktari. Hakunicheka. Aliunusa, akaniuliza, "Mama, huu ni mti gani?"

"Sijui, daktari. Mama mkwe haonyeshi mtu."

"Basi usimpe bado. Labda utaulinda moyo, labda utagombana na dawa yetu. Nitafutie tawi zima, lenye majani na maua. Kuna wenzangu wanaochunguza miti ya namna hii. Lakini sikuahidi kitu."

Najua mama atakataa. Tangu unioe anaingia msituni peke yake, na magome hatuyaoni mpaka yameshatwangwa, ndio mti usijulikane. Alisema atamwonyesha Wakesho tu, akikua. Nikamweleza Wakesho. Akasema, "Mwambie nyanya nimeshakua. Hata upara ninao, kama babu."

Nilicheka, halafu nikatoka nje nikalia. Huku hakuna mlima, Baba Wakesho. Kila asubuhi macho yanatafuta Kasigau na ukungu wake, yanakuta ukuta.

Kaa na mama polepole, usimfokee. Mwambie hatumwombi amwonyeshe daktari. Amwonyeshe Wakesho, kama alivyosema. Ni vile tu mtoto hawezi kupanda, kwa hivyo mti umfuate huku. Wakesho mwenyewe ndiye atakayeamua kumpa daktari. Lifunge tawi kwa gazeti, umpe kondakta wa basi pale Voi, nami nitalingoja stendi.

Msalimie dada yangu anayetukamulia ng'ombe, na mdogo wako Mwakio, asiache kulinda mahindi. Mama mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Unga nimeufunga tena kwenye kitambaa. Wakesho hanywi. Ananiomba tu nimfungulie kidogo anuse, anasema ni harufu ya kwetu.

Ni mimi mkeo, ninayetamani hata matope ya hiyo barabara yetu,

Mama Wakesho