Nilisema Karani Mmoja Anatosha

Mtaa wa Jericho, Jumapili, mwezi wa saba, 1996

Baridi ya leo inaingia hadi kwenye mifupa. Jua halijaonekana tangu asubuhi, na kanisani sikwenda. Nimesema naumwa kichwa.

Siumwi.

Baba alipewa barua ya kuachishwa kazi juzi Ijumaa. Miaka ishirini na miwili amekuwa karani wa stoo ya vipuri katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Programu ya kompyuta iliyomtoa kazini niliiandika mimi.

Kazi hii niliipenda hata kabla ya kujua jina lake. Chochote chenye waya kilinivutia. Nikiwa darasa la sita nilikuwa nafungua redio za majirani na kuunga nyaya kwa risasi niliyoyeyusha kwa msumari wa moto. Baadaye zikaja saa, kamera, hata cherehani ya Mama. Chuoni nikakutana na kompyuta. Nilijifunza Pascal, lugha ya kuandikia programu, kwenye kitabu cha fotokopi kilichokosa kurasa, na bado nikawa naazima vitabu vya setilaiti na vya injini za treni. Baba aliwaambia wageni, "Huyu Mwende wangu, hakuna kitu hawezi kufungua."

Kiwanda kilipotafuta mtu wa kuandika programu ya stoo, yeye ndiye aliyenipeleka kwa meneja.

Wiki tatu tulishinda pamoja katikati ya shelfu za stoo. Alinifundisha beringi zipi hufanana kwa macho lakini haziingiliani, mikanda ipi ya mashine huisha haraka wakati wa mvua, kwa nini kadi fulani za kuhesabia vipuri zina alama nyekundu. Aliongea, nikaandika. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Siku ya kuionyesha programu, Baba hakuwemo chumbani. Meneja akauliza, "Sasa stoo itahitaji makarani wangapi?"

Walikuwa watatu, Baba akiwa mmoja wao.

"Mmoja anatosha," nikasema. Tena kwa tabasamu. Niliona anauliza uwezo wa programu yangu.

Nilipofika nyumbani jioni ndipo nikaelewa nilichosema. Nikanyamaza. Siku kumi na nne nilikula na Baba meza moja, nikanyamaza.

Leo, Mama akiwa bado kanisani, nimeshindwa kuvumilia. Baba alikuwa amekaa kitini na koti lake, haangalii kitu. Nikamweleza yote, neno kwa neno.

Akauliza, "Na ni kweli? Mmoja anatosha?"

"Ni kweli, Baba."

"Basi ungemjibu nini kingine?"

Nilitaka anigombeze, hata anifukuze. Akainuka polepole, akashika mlango wa chumba chake.

"Ungeniambia tu, Mwende," akasema. "Ningejiandaa."

Akafunga.

Nimekaa hapa tangu saa ile. Najua kuiambia mashine ifanye nini. Kumwambia baba yangu sentensi moja nilishindwa.

Kesho saa mbili natakiwa kiwandani nimfundishe karani aliyebaki. Atauliza maswali, na karibu kila jibu nitakalompa nililitoa kwa Baba. Nitamtaja kwa jina kila mara, meneja akiwepo asiwepo. Ni kidogo mno, najua.

Lakini hayo ni ya kesho. Sasa hivi naweka kalamu chini, niende nikabishe mlango wake. Sijui nitasema nini akifungua.