Babu Ameniahidisha Nisiseme Kuwa Kifua Kinambana

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na uniwie radhi kama jambo langu ni dogo, maana najua wakati huu watu wana shida kubwa kuliko yangu, lakini nimejaribu kulisema kwa sauti nikashindwa, nami huandika vizuri kuliko ninavyosema.

Ni kuhusu babu yangu Verner, baba yake mama. Alikuwa mwashi, na sasa anaishi peke yake katika nyumba inayopakana na yetu, na tangu nchi ifungwe kwa ajili ya korona hatuingii kwake, ila kila alasiri mimi hukaa upande wangu wa ua na yeye upande wake, kila mtu na chupa yake ya kahawa (yangu ni chai), nami humsomea kitabu kwa sababu macho yake yamechoka, na sijui kama utanielewa, lakini saa hiyo ndiyo naipenda kuliko zote, maana hata shuleni sina mtu ninayezungumza naye hivyo.

Wiki iliyopita mdogo wangu Malthe alitimiza miaka minane, na Babu ndiye mwenye mlingoti, basi akatoka na shati lake zuri kupandisha bendera, kama tufanyavyo huku kila siku ya kuzaliwa, sisi tukiimba barabarani, na bendera ilipofika katikati akasimama. Akaushika mlingoti kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine, uso umekuwa rangi ya majivu, bendera ikabaki nusu mlingoti. Jirani yetu Inger-Lise akafungua dirisha akapaza sauti, "Verner! Kafa nani?"

"Hajafa mtu! Kamba imekwama!"

"Basi ikwamue, mzee, umeshanitoa machozi ya bure!"

Watu wakacheka, Babu naye akacheka, lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na ua, na niliona kwamba kamba haikukwama.

Alasiri nikamuuliza. Akasema kifua humbana kama mtu amemkalia, kisha humwachia, na mkono wa kushoto unamuuma, ila huo ni kwa sababu ya kulima matuta ya viazi. Nikamwomba ampigie daktari simu. Akasema, "Thyra, kipenzi changu, madaktari wana kazi. Waziri mkuu amesema tukae nyumbani tuwalinde wenzetu, nami nimekaa. Nikalalie kitanda cha mtu anayekihitaji, kwa ajili ya viazi?" Nikasema labda si viazi. Akasema, "Na wewe unasoma mno." Halafu akanyoosha mkono juu ya ua nami nikanyoosha wangu, tukapeana mkono hewani bila kugusana, nikaahidi kwamba sitamwambia mama.

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee na najua nikimwambia atapiga simu papo hapo, lakini wakimchukua Babu kwenda hospitali hakuna atakayeruhusiwa kumtembelea, na akiambukizwa korona hukohuko akafa peke yake, nitakuwa mimi niliyempeleka, na nisiposema pia naogopa, maana jana alinikatiza katikati ya ukurasa, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaingia ndani akishikilia ukuta. Nifanye nini? Sitaki anichukie.

Thyra, miaka kumi na mitano

Gudrun anajibu

Thyra, mwanangu, nakutumia jibu hili sasa hivi, kabla ya kulichapisha, kwa sababu moyo wa babu yako hauwezi kungoja gazeti la Jumamosi. Mama yupo? Mwambie. Hayupo? Piga 112, namba ya dharura, wewe mwenyewe, na uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Nenda. Yaliyobaki utayasoma ukirudi.

Umerudi? Vizuri. Sasa nikugombeze kidogo. Unaanza barua kwa kuomba radhi kwamba jambo lako ni dogo. Umefanana na babu yako kweli! Yeye hataki kumsumbua daktari, wewe hutaki kunisumbua mimi, na mkiendelea hivi mtakuja kuuawa na adabu, si ugonjwa. Waziri mkuu alisema tukae nyumbani. Hakusema tufie humo.

Kuhusu ahadi: ukiombwa kuficha zawadi ya Krismasi, ficha. Maumivu ya kifua hayafichwi, na mtu mzima hana haki ya kumtwika mtoto mzigo huo, hata akiwa babu anayependwa kama huyu. Hilo nitamwambia mwenyewe nikipata nafasi.

Unaogopa atakuwa peke yake. Ni kweli, mlango wa wodi hutauvuka, na sitakudanganya kwamba si jambo la kuumiza. Lakini simu inaingia. Maliza ule ukurasa kwa simu. Akikununia, mwache anune. Anayenuna anapumua.

Kwa wasomaji wote

Thyra na babu yake wameniruhusu kuyachapisha haya. Juzi Verner alinipigia simu.

"Wewe ndiye Gudrun?"

"Ndimi."

"Umemfundisha mjukuu wangu kuvunja ahadi."

"Nimemfundisha. Nawe ulimfundisha kuficha. Kifua vipi?"

"Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, wameuzibua. Mama yake alifika uani na barakoa akaniambia nikikataa gari la wagonjwa ataniburuza mwenyewe. Mtoto alinisomea jana kwa simu. Alikuwa analia, akasoma vivyo hivyo." Kisha akakohoa, kama wanaume wa huku wanavyokohoa wakiguswa. "Sikiliza, mama. Chumba hiki kina vitanda vinne, nami nimelala peke yangu. Muuguzi anasema kabla ya korona wagonjwa wa moyo walikuwa wakilala hadi kwenye ushoroba. Mimi niliogopa kuchukua nafasi ya mtu. Sasa huyo mtu yuko wapi?"

Swali lake nakuuliza wewe unayesoma haya huku umekishika kifua, unayesema utamwona daktari Jumatatu. Kitanda chako kipo, kimetandikwa. Weka gazeti chini, piga 112.