Kijiko cha Mwisho cha Chumvi ya Matete

Mama,

Chumvi yako imebaki kijiko kimoja. Iko kwenye ile chupa ya jemu uliyoifunga kwa kitambaa, juu ya friji, na kila nikipita jikoni naitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Ikiisha hii, nimekwisha na mimi. Nani mwingine huku ughaibuni, hapa Flemingdon Park, anajua kuchoma matete na kuchuja majivu yake mpaka yatoe chumvi? Ulijua wewe, na wewe umekwenda.

Jana tulimaliza matanga yako. Unajua inavyotakiwa: kina mama wa kwetu Fizi wote wanakuja, na maharage ya siku hiyo hayatiwi chumvi ya duka. Haki ya Mungu nilijitahidi. Wiki nzima theluji ilianguka, sikuweza kuwasha moto kule bustanini ulikokuwa ukichomea, basi nikajifanya mjanja. Nikashuka bondeni kando ya mto, nikakata matete makavu, nikayachomea jikoni ndani ya sufuria, dirisha wazi. Eh, Mama! Kengele ya moto ililia jengo zima. Watu walishuka ngazi na watoto mgongoni, wazee na mikongojo yao, wakasimama kwenye baridi wakinitazama. Msimamizi wa jengo kaniambia moshi ukionekana tena tutafute pengine pa kuishi. Na majivu yenyewe zimamoto waliyamwagia maji, yakaishia kwenye sinki. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Neema alinikuta hapo. Mjukuu wako akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini nihangaike hivyo na chumvi inauzwa hapo chini dukani. Nikakumbuka shuleni wamesoma juu ya watu wa Amerika walioasi kwa sababu ya ushuru wa chai wa Mwingereza. Nikamwambia, keti basi, na sisi tulikuwa na ushuru wetu.

Nikamweleza kama ulivyonieleza ukinisuka nywele. Kwamba mama yako na wenzake walipika chumvi ya matete kando ya ziwa, wakaiuza sokoni. Kwamba Wabelgiji walitoza ushuru kwa kila kikapu, ili watu waache chumvi yao wanunue ya duka la mzungu. Wakalipa. Ushuru ukapanda, wakalipa tena huku wananung'unika. Ulipopanda mara nyingine walikuja sokoni na vikapu vitupu, wakakaa chini mahali pao pa siku zote, kimya, asiuze mtu wala asinunue mtu. Askari wakavunja vyungu. Mama yako akapigwa viboko na mimba yako tumboni, na hata hivyo hakuna aliyekwenda kununua kule dukani. "Wanaume walipoanza kudai uhuru, walitukuta sisi tumeshakaa chini zamani," ndivyo alivyokuwa akisema, na wewe ulicheka kila ukifika hapo.

Neema akauliza nani alikuwa wa kwanza kukaa chini. Akauliza kama wote walirudi nyumbani siku ile. Mama, sikujua. Nikachukua simu nikupigie. Nilishaigusa namba yako, jina lako bado liko juu kabisa, ndipo nikakumbuka. Nitamuuliza nani sasa?

Basi jana nilipika maharage bila chumvi yoyote. Kile kijiko sikuweza kukitia, mkono ulikataa. Mama Sifa, mwenzako wa kwaya, akaonja, akanitazama, akajua. Wote wakala kwenye mikeka, na mimi natamani ardhi inimeze. Mara nikamwona Neema ananyoosha mkono mezani, kwenye chupa ya chumvi ya duka niliyosahau kuiondoa. Nikadhani anataka kujitilia. Akaichukua, akaenda kuifungia kabatini. Kisha akarudi akakaa chini, mahali pako, akala maharage yake yasiyo na ladha mpaka yakaisha.

Nisikudanganye, hilo halijanipoza. Namwangalia mtoto anataka kujua, na mimi sina cha kumpa ila maharage chapwa na nusu ya hadithi. Nimechoka, Mama. Nakulilia hata kazini, nikiwaosha wazee wa watu.

Lakini nakuahidi hili. Theluji ikiyeyuka nitashuka bondeni na Neema, tuchome huko nje, tuchuje, tukosee, turudie. Hicho kijiko chako ndicho tutakachoonja kulinganisha, maana sina kingine cha kunionyesha kama tumepatia. Ila kila tukionja kitapungua. Lala, Mama yangu, na huko uliko tuombee tuipate chumvi yako kabla kijiko hakijaisha.

Mwanao,
Riziki